Mpima Macho wa Hackensack na Zile Herufi Tatu Pembeni ya Lebo

Mwezi uliopita, kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenzi wa muziki wa zamani, jamaa mmoja wa Tanga alituma picha ya santuri aliyorithi kwa mjomba wake, Mungu amrehemu, aliyekuwa baharia. Ni santuri ya Art Blakey na Jazz Messengers, ile inayofunguliwa na wimbo wa Moanin'. Lebo ni ya Blue Note, bluu na nyeupe. Swali lake halikuwa la wimbo. Alikuwa ameinamisha santuri kwenye mwanga wa dirisha, na pale kwenye mviringo mtupu kati ya wimbo wa mwisho na karatasi ya lebo akaona herufi tatu: RVG. Karibu nazo kulikuwa na alama nyingine iliyofanana na sikio la mtu. "Wakubwa, hizi ni nini?"

Majibu yalimiminika. Mmoja alisema ni jina la kiwanda. Mwingine akasema ni herufi za mwenye santuri, kama wanafunzi wa bweni wanavyoandika majina kwenye sahani zao zisiibiwe. Wa tatu akaapa kwamba santuri ni feki, eti ya kweli haichorwi. Kisha mzee mmoja, ambaye kwa kawaida hupita akaacha salamu tu, akaandika: "Huyo ni prodyuza wake, kama hawa wa siku hizi wanaotaja majina yao mwanzo wa nyimbo." Alikuwa karibu na ukweli kuliko wote, na bado alikuwa amekosea. Nikajitolea kueleza. Ujumbe ukawa mrefu kupita adabu ya WhatsApp, ndiyo maana nimeuhamishia hapa.

Kwanza kila mtu akae kwenye kiti chake. Kwenye kurekodi kuna watu wa aina tatu ambao mazungumzo yetu huwachanganya. Kuna wanamuziki. Kuna prodyuza, yule anayeamua nani aitwe, wapige nini, jaribio lipi limefaa na lipi lirudiwe, na mara nyingi ndiye mwenye kushika fedha. Halafu kuna fundi mitambo: anayetega maiki, anayesikiliza kupitia spika akiwa chumba cha pembeni, anayepandisha na kushusha sauti, na kuhakikisha kilichopigwa kimeingia kwenye tepu. Siku hizi kijana mmoja mwenye kompyuta chumbani kwake anafanya kazi hizo mbili za mwisho peke yake, na ala zote anazipiga yeye. Ndiyo maana neno prodyuza limemeza kila kitu. Marekani ya miaka ya 1950 walikuwa watu tofauti. Prodyuza wa Blue Note alikuwa Alfred Lion, Mjerumani aliyehamia New York na kuianzisha kampuni hiyo mwaka 1939. Rafiki yake tangu Berlin, Francis Wolff, ndiye aliyekuwa akipiga zile picha nyeusi na nyeupe za wanamuziki ndani ya moshi wa sigara. RVG ni Rudy Van Gelder, na yeye alikuwa fundi mitambo.

Neno jazi nalo tuliweke sawa, maana kwetu lina historia yake. Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, na kule Kinshasa OK Jazz, zote zilikuwa bendi za dansi, gitaa mbele na rumba ndani yake. Hakuna kosa hapo. Ni jina lililosafiri likapata kazi nyingine ugenini. Hapa nazungumzia jazi ya Wamarekani weusi, hasa ya miaka ya 1950 na 1960. Watu wanne hadi sita: tarumbeta, saksafoni, piano, besi kubwa ya kusimama, dramu. Wanapiga wimbo wenyewe mara moja, kisha kila mmoja anapewa nafasi ya kubuni papo hapo, kama washairi wanaojibizana bila kuandika. Hilo la papo hapo lishike vizuri, kwa sababu ndilo linalomtoa jasho fundi.

Sebule ya wazazi

Van Gelder alizaliwa Jersey City, jimbo la New Jersey, tarehe 2 Novemba 1924. Tangu utotoni alikuwa na mapenzi ya redio za mawasiliano, akapiga tarumbeta kidogo, lakini alichosomea chuoni, huko Philadelphia, ni upimaji wa macho. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha kwa miaka. Mchana alikuwa anawauliza wateja wasome herufi ukutani, jioni anarekodi. Wazazi wake walipojenga nyumba mjini Hackensack miaka ya 1940, walikubali sebule yao iwe ya kurekodia, na chumba cha pembeni kiwe cha mitambo, na dirisha la kioo katikati. Nikikumbuka makochi ya mama yangu yenye vitambaa vya kufuma, ambayo hata sisi wanawe tulikaa Sikukuu tu, nawavulia kofia wazazi hao.

Alfred Lion alifika kwake kwa njia ya kuchekesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mpiga saksafoni Gil Mellé alikuwa amerekodi kwenye sebule hiyo, na Lion akaipenda kazi akainunua. Alipotaka kuendelea kurekodi, akaichukua ile tepu hadi kwenye studio aliyokuwa akiitumia New York, akamwambia fundi wa pale: nataka isikike hivi. Fundi akasikiliza, akasema hawezi, bora amfuate aliyeitengeneza. Basi Lion akavuka mto kwenda New Jersey.

Baada yake zikaja kampuni nyingine za santuri, Prestige na Savoy. Miles Davis na kundi lake la watu watano, akiwamo John Coltrane kijana, waliingia sebuleni humo tarehe 11 Mei na tena 26 Oktoba 1956, na kwa siku hizo mbili wakapiga muziki uliotosha kujaza santuri nne. Mwaka huohuo, Juni, Sonny Rollins alirekodi Saxophone Colossus. Septemba 1957 Coltrane akarudi kwa ajili ya Blue Train. Mwaka 1958 alikuwa humo tena, safari hii na mpiga tarumbeta Wilbur Harden, wakarekodi kipande walichokiita Tanganyika Strut. Miaka mitatu kabla ya bendera yetu kupandishwa, jina la nchi lilikuwa limeshapigwa kwenye sebule ya mpima macho!

Watu waliofika huko walikuta masharti. Chakula na vinywaji visisogee karibu na mitambo. Maiki isiguswe na mtu mwingine yeyote. Yeye mwenyewe alikuwa akivaa glavu anaposhika vifaa, jambo lililowafanya wanamuziki wamtanie. Na ukimuuliza anafanyaje, anabadilisha mazungumzo.

Umbali wa maiki

Wengi husema sifa ya fundi mzuri ni kunasa sauti "kama ilivyo". Hiyo ndiyo dhana potofu kubwa kuliko zote, na ukiiondoa, mengine yote kuhusu Van Gelder yanaeleweka.

Ukiwa kwenye harusi yenye kelele, shangazi anaweza kukunong'oneza nani kachanga shilingi ngapi, ukamsikia vizuri, na bendi nzima ukaifuta kichwani. Masikio yako yana ubongo nyuma yake. Maiki haina. Inachukua shangazi, bendi, feni na sufuria zinazoanguka jikoni, vyote kwa haki sawa. Kwa hiyo ni lazima mtu aamue kwa niaba yake, na uamuzi wa kwanza ni umbali. Mtu akikuita kutoka ng'ambo ya uwanja, unasikia sauti yake pamoja na uwanja: upepo, ukuta, nafasi iliyopo kati yenu. Akikusogelea sikioni, uwanja unapotea, unasikia pumzi, ulimi, mate. Sauti ni ya mtu yuleyule. Kilichobadilika ni mahali wewe ulipo.

Mazoea ya siku hizo yalikuwa kuweka maiki kwa mbali kidogo, msikilizaji ajione yuko kiti cha katikati ukumbini. Van Gelder akaisogeza. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo Marekani kutumia Neumann U47, maiki ya Kijerumani yenye hisia kali, akaiweka karibu na ala kuliko wengi walivyothubutu. Kuna hatari hapo. Tarumbeta ikipulizwa kwa nguvu karibu na maiki ya namna hiyo, sauti inapasuka kama spika ya mnadani. Alichokuwa nacho ni mkono wa kujua mpaka uko wapi, na mara nyingine, tuseme kweli, aliuvuka.

Chukua hiyo Moanin' ya mjomba, iliyorekodiwa Hackensack tarehe 30 Oktoba 1958. Inaanza piano peke yake: Bobby Timmons anatupa mstari mfupi, kama mwalimu wa kwaya anayeanzisha, na wenzake wanaitikia kwa noti mbili tu, mithili ya waumini wanaosema "amina". Anatupa tena, wanaitikia tena. Kisha wanabadilishana, tarumbeta na saksafoni zinaanzisha na wa nyuma wanaitikia. Halafu Lee Morgan, kijana wa miaka 20, anachukua tarumbeta na kuingia kwenye nafasi yake, na hapo weka sauti juu kidogo. Tarumbeta haipo jukwaani. Ipo mezani kwako, kando ya kikombe. Unasikia anavyoikunja noti mwishoni, unasikia pumzi inapokata. Nyuma yake Blakey anabonyeza dramu na kila pigo lina uzito wake. Watu sita hawakukaa hivyo sebuleni. Hakuna kiti ndani ya chumba kile ambacho ungekaa ukasikia hivyo. Kiti hicho kilitengenezwa na Van Gelder, akakukalisha wewe.

(Blakey mwenyewe ndiye kiongozi wa bendi, na Benny Golson mwenye saksafoni, Jymie Merritt mwenye besi. Ni watano, wa sita ni fundi. Nimemhesabu makusudi.)

Pilau na wali wa sahani

Siku hizi muziki hurekodiwa kila sauti kwenye njia yake. Dramu leo, besi kesho, mwimbaji aingize yake wiki ijayo akiwa Mombasa, halafu fundi anakaa usiku kucha anapima kila kimoja. Ni kama sahani ya mama ntilie: wali pembeni, maharage pembeni, mchicha pembeni. Mchicha ukizidi chumvi, unabadilisha mchicha.

Van Gelder alikuwa anapika pilau. Wote wanapiga kwa pamoja, chumba kimoja, na sauti zinachanganywa papo hapo zikiingia kwenye njia moja ya tepu, baadaye mbili. Ukishatia bizari haitoki. Piano ikiwa chini kwenye wimbo wa pili, itabaki chini hadi kiama. Tepu unaweza kuikata kwa wembe ukaunganisha mwanzo wa jaribio hili na mwisho wa lile, lakini huwezi kumshusha mpiga dramu peke yake. Na chumba kikiwa kimoja sauti huvuja: dramu zinaingia kwenye maiki ya piano, tarumbeta inaingia kwenye maiki ya besi. Ukimhamisha mtu hatua moja, unahamisha kila kitu.

Sasa rudi kwenye lile neno, papo hapo. Mpiga saksafoni anabuni, hata yeye hajui dakika ijayo atapaza au atanong'ona. Fundi mikono iko kwenye vitufe na lazima awahi. Hapo Van Gelder anakuwa mwanamuziki wa aina yake, japo hakuna noti aliyopiga. Blue Note walimrahisishia kidogo kwa sababu Lion aliwalipa wanamuziki siku za mazoezi kabla ya kurekodi. Prestige hawakuwa na mambo hayo, walifika, wakapiga, wakaondoka. Wanaopenda kulinganisha kampuni hizo mbili mara nyingi wanadhani tofauti ni ya studio, kumbe fundi na chumba ni vilevile.

Hapa kuna jaribio dogo unaloweza kufanya kwenye daladala. Tafuta toleo la sterio, lenye sauti tofauti kushoto na kulia, la santuri yoyote ya Blue Note ya mwaka 1958 au 1959, mpe mwenzako earphone moja na wewe ubaki na nyingine. Mara nyingi mmoja atasikia tarumbeta na saksafoni zimejaa upande wake, mwingine atabaki na dramu, akidhani amepewa upande mbovu. Sababu ni kwamba sterio ilikuwa ndiyo kwanza inaingia sokoni. Tepu ilikuwa ya njia mbili, lakini chumbani walikuwa wakisikiliza kwa spika moja, wakiamua kwa masikio ya mono, yaani sauti moja isiyogawanywa, kwa kuwa hiyo ndiyo waliyotarajia watu wainunue. Ukisikia mtu anasifu toleo la mono la miaka hiyo usidhani ni maringo ya wakusanyaji. Lina hoja.

Matuta ya santuri

Mpaka hapa tuna tepu. Tepu si santuri, na hapa ndipo zinapoingia zile herufi tatu.

Sauti ya santuri imechongwa kwenye mfereji mmoja mwembamba unaozunguka kuanzia ukingoni hadi karibu na lebo. Sindano ya gramafoni inapopita, inatikiswa na kona za mfereji, na mtikisiko huo ndio muziki. Ili kiwanda kipate kitu cha kuigiza, lazima kwanza mtu akae na mashine yenye kisu, apige tepu, na kisu kichonge mfereji kwenye sahani laini. Sahani hiyo ndiyo mama wa nakala zote.

Mfikirie mkulima mwenye robo eka. Akilima matuta mapana, mazao yananenepa lakini matuta ni machache. Akiyabana, anapata mengi yaliyokonda. Sauti kubwa, hasa ya besi, inahitaji tuta pana. Sauti ndogo inatosha kwenye tuta jembamba, lakini ikiwa ndogo mno inamezwa na mikwaruzo. Upande mmoja wa santuri unabeba kama dakika 20. Kwa hiyo anayechonga anapima kila dakika: niipe besi kiasi gani, sauti ijae kiasi gani, na je, sindano ya gramafoni ya bei rahisi ya mtu wa kawaida itaruka?

Kampuni nyingi zilimpa kazi hii mtu mwingine kabisa, ambaye hakuwapo siku ya kurekodi. Van Gelder aliichukua mwenyewe. Aliyetega maiki ndiye aliyechonga sahani, na alichonga kwa sauti ya kujaa, iliyokuja mbele. Akimaliza, alikwaruza RVG kwa mkono pale katikati. Baadaye akawa na muhuri, na baadaye tena muhuri wa VAN GELDER kwa ukamilifu. Mzee wetu wa kundini alikuwa na haki kiasi hicho: ni saini, kama wanavyotaja majina vijana wa Bongo Fleva. Tofauti ni kwamba hii ilifichwa mahali ambapo hakuna muziki, na maana yake ni finyu kuliko tunavyodhani. Haisemi "mimi nilitengeneza wimbo huu". Inasema "sahani hii niliichonga mimi".

Na lile sikio? Si la Van Gelder. Ni herufi P ya mwandiko wa kuunganisha, alama ya kiwanda cha Plastylite, kilichokuwa kikikandamiza santuri za Blue Note huko New Jersey. Ukiigeuza kidogo inaonekana sikio kabisa, na wakusanyaji dunia nzima huiita hivyo. Kampuni ya Liberty ilipoinunua Blue Note mwaka 1965, kazi ikahamishwa, na sikio likatoweka. Kwa hiyo santuri inaweza kuwa na RVG bila sikio, ikawa ya kweli vilevile, ila ya baadaye. Yule aliyesema feki amuombe radhi marehemu mjomba.

Chumba cha mbao

Mwaka 1959 Van Gelder aliacha kupima macho, akajenga studio yake Englewood Cliffs, kilomita chache kutoka Hackensack. Jengo lilisanifiwa na David Henken, mtu aliyefuata mawazo ya msanifu majengo Frank Lloyd Wright. Kuta za matofali ya saruji, juu matao makubwa ya mbao na dari ya mierezi inayopanda hadi kama mita 12. Walioingia mara ya kwanza husema walihisi wako kanisani. Sebule haikuwa na mwangwi wake wa kutosha, fundi alilazimika kuuongeza kwa vifaa. Huku chumba chenyewe kilijibu.

Utaisikia tofauti ukimfuata Coltrane kutoka chumba kimoja hadi kingine. Mei na Juni 1961 alirekodi Africa/Brass akiwa na kundi kubwa lenye safu ya wapulizaji, watu ambao Hackensack wangelazimika kukaa mpaka jikoni kwa mama. Halafu tarehe 9 Desemba 1964, siku ambayo kwetu ni ya Uhuru, bahati ya kalenda tu, aliingia na wenzake watatu, McCoy Tyner, Jimmy Garrison na Elvin Jones, jioni moja wakapiga A Love Supreme yote. Inaanza na pigo la upatu mkubwa, na upatu huo unapoyeyuka unasikia dari. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Weka earphone, funga macho, subiri saksafoni iingie, utajua chumba kina urefu gani.

Waliomlalamikia

Haipendezi kuandika kana kwamba kila mtu alimpenda. Charles Mingus, mpiga besi asiyemung'unya maneno, alisema hadharani kwamba Van Gelder hubadilisha sauti za watu, kwamba namna tu anavyomweka mpiga tarumbeta mbele ya maiki inatosha kumgeuza mtu mwingine, na kwamba ndiyo sababu yeye haendi kwake. Malalamiko mengine ya muda mrefu ni kuhusu piano, hasa za Hackensack: zimebanwa katikati, kama piano imefunikwa blanketi. Mimi nakubaliana nao. Msikilize Red Garland kwenye zile santuri nne za Miles, anapiga vitu vya ajabu kutoka ndani ya kabati. Na huko Los Angeles, Roy DuNann alikuwa akirekodi jazi ya kampuni ya Contemporary kwa usafi ambao hadi leo wapo wanaouweka juu ya Van Gelder.

Lakini angalia Mingus analalamikia nini. Anasema fundi ana sauti yake. Ni lawama, na ni maelezo sahihi kabisa ya kilichotokea.

Kuna mengine madogo yanayozunguka mitandaoni, niyapitie haraka. Kind of Blue ya Miles Davis, santuri ya jazi ambayo hata asiyejua jazi anayo, si kazi yake. Ilirekodiwa mwaka 1959 Manhattan, kwenye studio ya Columbia iliyokuwa kanisa zamani, fundi akiwa Fred Plaut. Hadithi ya kifaa cha siri alichokificha haina mashiko: kilichofichwa zaidi ni mahali alipoviweka vifaa vyake. Na wale wanaosema Van Gelder angehuzunika kuona santuri zimekufa wangeshangaa kumsikia. Aliwahi kueleza kwenye mahojiano kwamba santuri ndiyo iliyokuwa ikiharibu sauti kuliko kitu chochote, na kwamba anafurahi imeondoka. Kuanzia 1999 alizirudia tepu zake za zamani na kuziandaa upya kwa ajili ya CD, zikauzwa kwa jina la RVG Edition. Hapo herufi zilezile zina maana nyingine: hayo ni masikio ya mzee wa miaka zaidi ya 70 akiisikiliza kazi ya kijana, na wapo wasioyapenda matoleo hayo kwa kuwa yana makali kuliko santuri za kwanza.

Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilimpa heshima ya Jazz Master kupitia mfuko wake wa sanaa, heshima ambayo kwa kawaida huwaendea wapigaji. Alifariki tarehe 25 Agosti 2016, akiwa na miaka 91, kwenye nyumba hiyohiyo ya Englewood Cliffs, na msaidizi wake wa miaka mingi, Maureen Sickler, ndiye aliyeiendeleza studio. Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa imeshahamia kwa watu wasiomjua. Waliocheza Cantaloop ya kundi la Us3 mwaka 1993 walikuwa wanacheza kipande cha piano cha Herbie Hancock kilichokatwa kutoka tepu ya Juni 1964. Ule unene wa piano uliowafanya watengenezaji wa hip hop wang'ang'anie Blue Note ni unene wa chumba cha Van Gelder, blanketi na yote.

Nikiandika haya najiuliza kuhusu mafundi mitambo wa Radio Tanzania, waliorekodi bendi zetu za dansi kwa pilau ileile: wote kwa pamoja, maiki chache, tepu moja. Nyimbo tunazijua kwa moyo, watunzi tunawataja, wapiga solo tunawagombania. Waliotega maiki hawakukwaruza herufi zao popote.

Jamaa wa Tanga alisoma maelezo yote kundini, akashukuru, akauliza kama santuri inaweza kuwa na bei. Tukamwambia inategemea hali yake, aiweke kwenye gramafoni asikilize kama ina mikwaruzo. Akakaa kimya kidogo, ikaonekana anaandika, anafuta, anaandika. Kisha akajibu kwamba gramafoni hana, hajawahi kuwa nayo, na hiyo Moanin' hajaisikia hata mara moja. Mzee wa salamu akamtumia wimbo pale pale.